Waliomlilia Jescah

Mwaka ule wa kwanza baada ya uhuru, Sellah alikuwa fundi wa cherehani kwenye veranda ya duka moja la vitambaa mjini Kakamega, na siku yenyewe ilikuwa Jumatano kama Jumatano nyingine zote. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, kama inavyonyesha huko kila alasiri bila kuomba ruhusa. Mama mmoja kutoka Khayega alikuwa anamlalamikia kwamba gauni lake la kanisani limebana kiunoni. Sellah alitaka kumwambia kwamba gauni halijabadilika, ila kiuno, lakini akakumbuka kwamba yeye ni fundi wala si daktari. Akafumua mshono.

Huyu Sellah ni shangazi wa mke wangu kiukoo. Yote haya nimeyapata jikoni kwake, kidogo kidogo, nikitafuna kuku wake. Mimi ni mtu aliyelala nyumba za wageni kuanzia Tanga mpaka Gulu, nyingine kunguni ndio waliokuwa wanakaribisha wageni, na sijawahi kuogopa kuzima taa. Kwa Sellah huwa nalala taa ikiwaka. Mke wangu hunicheka. Na acheke.

Basi Jumatano hiyo motokaa nyeusi ikasimama mbele ya duka, akashuka Jescah, dada yake Sellah. Mama wa Khayega akasahau habari za kiuno.

"Woi! Si ni yule wa sinema?"

Upande ule hakukuwa na mtu asiyemjua Jescah. Miaka kumi nyuma, watu wa gari la sinema walikuwa wamekuja Iguhu kupiga filamu ya kufundisha raia kutunza chemchemi, wakataka mwanamke wa kupita na mtungi kichwani. Wenzake walipita wakiikodolea kamera macho kama ng'ombe anayetaka kupiga pembe. Jescah alipita kana kwamba hakuna anayemwangalia, na alipofika mwisho akageuza shingo kidogo, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoipenda. Hakuna aliyemwambia ageuke. Shingo ile ndiyo iliyompeleka Nairobi.

Aliigiza mama msafi. Aliigiza nesi, mwalimu, mjane. Aliigiza mke mvivu ambaye sufuria zake zinaoshwa na mbwa, na filamu hiyo ilipoonyeshwa Khayega, muuza nyanya alikataa kumwuzia mpaka aahidi mbele ya soko zima kwamba ataosha vyombo. Akaahidi. Uso wake ukabandikwa kwenye kuta za maduka mpaka Lugari, ukitangaza sabuni. Gari la sinema likisimama uwanjani na kitambaa cheupe kikitandazwa, watu hawakuuliza filamu gani inaonyeshwa. Waliuliza, "Jescah yuko ndani?"

"Sellah, funga hiyo cherehani," Jescah alisema, akikumbatia dada yake mbele ya watu. "Nakuhitaji wiki mbili."

"Na wateja wangu?"

"Wataongezeka viuno. Utarudi ukute kazi zaidi."

Filamu yenyewe iliitwa Bibi Harusi wa Isiukhu. Ilikuwa filamu ndefu, si zile za robo saa za kufundisha watu kuchimba vyoo. Mwongozaji alikuwa kijana wa hapohapo Kakamega aliyeitwa Cleophas, aliyekuwa amesomea kazi hiyo ng'ambo akarudi na koti la ngozi na kikohozi. Hadithi ilikuwa ya msichana anayechukuliwa na mto Isiukhu siku ya harusi yake. Anatafutwa, haonekani, watu wake wanamlilia. Sellah alishona magauni matatu ya harusi yanayofanana, ili moja likilowa jingine liwe kavu.

Mtoni mambo yalikwenda vizuri. Taabu ilianzia kwenye mazishi. Cleophas hakutaka waombolezaji wa kuigiza.

"Hao wa Nairobi wanalia kama watu wanaosoma gazeti," alisema. "Nataka kilio cha kwetu. Nataka boma la kweli, baba wa kweli."

Akaenda Iguhu, nyumbani kwa akina Jescah, kwa mzee Phineas, baba yao. Mama yao alikuwa amefariki zamani, na wa tumbo moja walikuwa hao wawili tu. Mzee Phineas alimpenda sana binti yake mkubwa, na zaidi ya hapo alikuwa na kofia mpya ambayo alitamani ionekane Mombasa. Akakubali. Aliyekataa ni dada yake, Senge Mmbone, shangazi wa wasichana, mwanamke ambaye hakuna msiba uliofanyika sehemu zile bila yeye kuuongoza.

"Mkishachimba hilo kaburi, mtaweka nini ndani?" Senge aliuliza.

"Gogo la mgomba, Mama," Cleophas akajibu kwa furaha, kama mwanafunzi aliyepata jibu. "Si ndivyo tunavyofanya mtu akipotelea mtoni?"

"Ndivyo tunafanyanga. Ndiyo sababu nauliza."

Cleophas akacheka. Mzee Phineas akacheka. Senge hakucheka, lakini mwenye boma alikuwa ameshakubali, na watu walikuwa wameshaanza kuja.

Kwa sababu Cleophas aliogopa kwamba wakimwona Jescah akizungukazunguka watashindwa kulia, alimpeleka akakae hotelini mjini, na Sellah akaenda naye kumshonea lile gauni lililochanwa na mawe. Dada hao walikula mandazi, wakalala mpaka jua kali, wakapigana vita vya maji bafuni kama watoto. Sellah anasema hajawahi kuwa na siku nzuri kama zile.

Huko Iguhu, kamera ikaanza kuzunguka na ngoma za isukuti zikalia. Watu wa kule hawajui kuomboleza nusunusu. Ukiwaambia walie, watalia mpaka mwisho wa kilio. Gogo la mgomba lilifungwa shuka jeupe, likawekwa kwenye sanduku, likaitwa jina la Jescah mara moja, mbili, tatu. Mzee Phineas alianguka chini pamoja na kofia yake. Cleophas mwenyewe, nyuma ya kamera, alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa koti. Walifukia. Siku ya tatu wakanyolewa vichwa, kama ilivyo desturi, na kamera ikapiga hiyo pia.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Jescah na Sellah walifika nyumbani na mikate miwili na sukari.

Uwanja ulikuwa umejaa majivu na vichwa vinavyong'aa. Mzee Phineas alikuwa ameketi kwenye kigoda.

"Mulembe, Baba!" Jescah akasema, akicheka. "Wamekunyoa mpaka umekuwa yai!"

Mzee aliinua uso. Akamtazama Sellah.

"Umekuja peke yako, mwanangu."

"Nimekuja na Jescah, Baba. Si huyu?"

Macho ya mzee yakajaa maji. "Usiseme hivyo, Sellah. Tafadhali. Usiseme."

Jescah akapiga makofi. "Cleophas! Waambie inatosha! Wameigiza vya kutosha!" Akaingia ndani, akaketi, akavua viatu. Mke wa jirani akaleta chai. Kikombe kimoja. Akakiweka mbele ya Sellah, akasema pole kwa msiba, akageuka kutoka, na gauni lake likapita juu ya magoti ya Jescah kama linavyopita juu ya kiti kitupu.

Jescah aliendelea kutabasamu kwa muda. Kisha tabasamu likabaki pale usoni bila mwenyewe.

Sellah akatoka mbio kumtafuta Cleophas. Alimkuta akifunga vyombo vyake kwenye gari.

"Cleophas, Jescah yuko ndani. Mwambie Baba kwamba ni mchezo."

"Jescah?" Cleophas akakunja uso. "Si mto ulimchukua?" Kisha akashika paji la uso, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. "Hapana. Ngoja. Yuko… Nilimwacha wapi?" Jescah alikuwa amesimama mbele yake, hatua moja, miguu mitupu. Cleophas akamtazama. Akatazama migomba iliyokuwa nyuma yake. Akaendelea kufunga kamba.

Ni Senge Mmbone aliyemvuta Sellah nyuma ya jiko.

"Umekuja naye?" Senge alinong'ona. Mboni zake zilikuwa zinatafuta hewani.

"Yuko hapa, Senge. Ananishika mkono. Humwoni?"

"Simwoni. Lakini huyo mbwa hajatikisa mkia hivyo tangu Jescah aondoke." Mbwa wa boma alikuwa amelala kifudifudi, akilamba vidole vya miguu ya Jescah. "Sikia, mtoto. Aliyemlilia pale kaburini amemalizana naye. Macho yake hayawezi kumpata tena. Wewe ulilia?"

"Sikuwepo."

"Basi usilie. Ninyi ni tumbo moja. Mpaka wewe umlilie, mazishi hayajaisha, na yeye bado ana mahali. Siku ukitoa chozi kwa kaburi lile, hata moja, hakuna mwingine wa kumshikilia. Umenisikia?"

"Na tukilifukua gogo?"

"Jaribuni," Senge akasema.

Walijaribu mchana huohuo, jua likiwa utosini. Mzee Phineas alishika jembe kwa sababu Senge alimlazimisha, akichimba na kunung'unika kwamba wanamsumbua mtoto wake. Sellah alikuwa ukingoni. Jescah kando yake.

Mgomba uliokatwa hauchukui siku nyingi. Unakuwa mweusi, unalegea, unanuka. Huu ulikuwa mbichi. Walipofungua sanduku na kufunua shuka, gogo lilikuwa linang'aa, kijani kibichi, likitoa jasho. Lilikuwa limekuwa jembamba katikati. Juu limepanuka kidogo, kama mabega.

"Litoe," Senge akasema.

Mzee alijaribu kuliinua, likamshinda uzito. Akalichoma kwa ncha ya jembe ili alinyanyue.

Jescah akapiga yowe.

Sellah peke yake ndiye aliyelisikia. Akageuka akamkuta dada yake ameshika bega la kushoto, na kati ya vidole vyake yakichuruzika maji, maji yasiyo na rangi, ya kunata, kama utomvu wa mgomba.

"Baba, wacha! Wacha! Unamkata!"

Mzee akaacha. Alitazama jembe lake, akamtazama Sellah, na hakuelewa chochote. Senge akachukua udongo kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kurudisha.

Sellah akapiga magoti akamsaidia mpaka kaburi likajaa.

Jescah akahamia kwa Sellah mjini, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Mwanzoni hali haikuwa mbaya sana. Watu wa mjini hawakuwa wamekwenda Iguhu, hawakuwa wamelia, kwa hiyo walimwona kama kawaida. Walimwita barabarani. Muuza mboga alimwongezea sukuma wiki bure. Bega lilipona, likaacha kovu lenye rangi ya kijani.

"Kwani shida iko wapi?" Jescah alisema. "Nimepoteza kijiji kimoja. Nimebaki na nchi nzima."

Kisha filamu ikamalizika, ikaja kuonyeshwa Kakamega.

Ilikuwa saa kumi alasiri, katika ukumbi wa mjini. Watu walisukumana mlangoni. Sellah alikuwa na vazi la kumalizia, alipofika akakuta hakuna pa kusimama, akabaki nje kwenye ngazi. Lakini alimwona Jescah akiingia. Alikuwa amevaa gauni jekundu, na ukumbi mzima ulisimama. Wakapiga vigelegele. Wakamshika mikono. Mtu akamlaza mtoto mchanga mikononi mwake ili ambariki. Wakamketisha mbele kabisa, katikati. Mlango ukafungwa.

Sellah alikaa kwenye ngazi akisikia. Alisikia kicheko. Alisikia mto. Kisha isukuti, na halafu kilio, kwanza cha kwenye filamu, baadaye cha ukumbini, mpaka hakuweza kutofautisha. Akaziba masikio, akaimba wimbo wa darasa la kwanza.

Mlango ulipofunguliwa, watu walitoka wakifuta nyuso.

"Maskini. Alikuwa mrembo."

"Na bado msichana kabisa."

"Mungu amlaze pema."

Sellah akawapenya. Jescah alikuwa bado amesimama mbele, mikono ameinyoosha, kama mtu anayengoja kupongezwa. Mstari wa mwisho wa watu ulikuwa unampitia. Mwanamke mmoja aliinama akachukua mkoba wake katikati ya miguu ya Jescah. Mzee mmoja, amechoka kulia, akaketi kwenye kile kiti cha mbele na kulia zaidi.

"Sellah," Jescah alisema polepole. "Walikuwa wananishika. Walikuwa wananishika mikono. Halafu nikasikia mikono inaachia. Mmoja mmoja."

Ndipo wakajua kwamba hata kilio cha ukumbini kinamzika.

Filamu ile ilipendwa kuliko zote alizowahi kuigiza. Cleophas akawa mtu mkubwa, na waandishi walipomwuliza mwigizaji wake yuko wapi, alishika paji la uso, akasema mto. Nakala zikaenda Kisumu, Nairobi, Kampala. Gari la sinema likaizungusha Kabras katikati ya miwa, likaipeleka kwa walowezi wapya wa Lugari, likaionyesha ukutani kwa shule na makanisa. Sellah alikwenda ofisini kwa Cleophas kumwomba aizuie. Alimsikiliza kwa adabu, akampa soda, akamwambia kwamba majonzi humfanya mtu aseme mengi.

Kila lilikopita gari, Jescah alipungukiwa na watu. Leo dereva wa basi hamsikii. Kesho muuza mboga anampa Sellah pole. Wale ambao hawakuiona walisimuliwa na walioiona, wakalia kwa kusimuliwa tu, na hao pia wakaenda. Jescah alikuwa na mchezo wake: alisimama sokoni, akageuza shingo ile, akahesabu ni wangapi wanageuka kumtazama. Mwishowe aliacha kuhesabu.

"Mimi ni mwigizaji, Sellah," alisema siku moja, akichambua mchele. "Ningekuwa fundi wa cherehani, ningeweza kuishi bila kuonwa. Usiudhike."

"Siudhiki. Chambua hilo jiwe, hapo."

Kisha mzee Phineas akafa. Alizikwa Iguhu, na kwa sababu boma lilikuwa dogo, kaburi lake lilichimbwa ubavuni mwa lile lingine. Sellah alisimama pale, baba yake akishushwa, kaburi la dada yake likimgusa upindo wa sketi, na hakuthubutu kulia. Aliuma ulimi. Alihesabu vifungo vya koti la mchungaji. Watu waliona macho makavu, wakanong'onezana kwamba msichana huyu wa mjini ana moyo wa jiwe. Jescah, kando yake, alilia kwa ajili ya wote wawili, kwa sauti, na hakuna aliyesikia.

"Baba atanielewa," Sellah alisema njiani.

"Baba alikuwa anakupenda kuliko kofia," Jescah akajibu, na wakacheka kidogo.

Mwaka uliofuata, baiskeli iliyobeba kreti za soda ilimgonga Sellah kwenye mteremko, ikamvunja paja. Hospitalini walimlaza chali, wakaufunga mguu juu kwa kamba na mawe ya kuuvuta. Angekaa hivyo wiki kadhaa, bila kugeuka, bila kuinuka. Jescah alikuja kila siku. Hakuna askari wa mlangoni aliyemzuia nje ya saa za wageni. Hiyo ndiyo faida pekee, alisema. Aliketi ukingoni mwa kitanda akamshika mkono.

Jumamosi moja, jua likiwa linazama, nesi mmoja mcheshi aliyeitwa Jeruto aliingia wodini akipiga makofi.

"Akina mama! Leo hamlalinga mapema. Gari la sinema limekuja. Tunawawekea hapa hapa ukutani!"

Wanawake wakashangilia. Sellah akaubana mkono wa Jescah, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Sista, ni filamu gani?"

"Ile ya bibi harusi. Mimi nimeiona mara tatu, na leo nimekuja na leso."

"Nitoe nje. Tafadhali."

"Na huo mguu? Nikufungulie daktari anifungie mimi jela?" Jeruto akamgusa shavu. "Ni sinema tu, dada. Haiumi."

"Nifunike uso, basi. Naogopa."

Jeruto alicheka kwa upendo, akamwekea taulo juu ya macho, akaenda kusaidia kuziba madirisha.

Sellah alisikia mashine ikianza kunguruma. Mkono wa dada yake ulikuwa ndani ya wake.

"Fumba macho chini ya taulo," Jescah alinong'ona. "Usisikilize. Nisikilize mimi. Unakumbuka yule mama wa Khayega na kiuno chake?"

"Nakumbuka."

"Nilimkuta juzi. Ameongezeka. Anapita mlangoni kwa awamu."

Sellah akacheka chini ya taulo, na akaendelea kucheka wakati mto ulipovuma, na wakati wanawake wa wodi walipoguta. Jescah alizungumza bila kupumzika. Alimsimulia mke mvivu, na nyanya, na mbwa aliyelamba sufuria kweli akaumwa tumbo. Isukuti zikaanza. Jescah akapandisha sauti. Vilio vikaanza. Jescah akaanza kuimba.

Kisha, juu ya yote, sauti ya mwanamume mzee.

"Jescah wee! Mwanangu! Si ungengoja mimi nitangulie!"

Ilikuwa sauti ya Baba. Yenyewe. Na ile kwikwi yake ya tumbaku.

Sellah hakuwahi kuisikia tena tangu azikwe. Hakuwa na picha yake hata moja.

"Sellah," Jescah akasema. "Sellah, hapana."

Mara moja tu. Angeangalia mara moja, amwone, afumbe. Angeangalia kofia. Hangemwangalia mwingine yeyote. Kwani mtu hawezi kumtazama baba yake bila kulia?

Taulo likaanguka.

Alikuwa pale ukutani, mkubwa kama nyumba, hai, kofia ameishika kwa mikono miwili kifuani. Alikuwa anatazama moja kwa moja wodini. Midomo ilikuwa inatetemeka. Amesimama pale pale ambapo Sellah alisimama na macho makavu.

Chozi la mwaka mzima halikuuliza ruhusa. Lilitoka lenyewe, likafuatwa na mengine. Sellah alikuwa anamlilia baba yake. Alijua anamlilia baba yake. Lakini baba yake alikuwa kando ya kaburi lile, na machozi yalikuwa yanaanguka upande huo.

"Sellah, usi—"

Neno halikumalizika.

Mkono wa Sellah ulikuwa umeshika shuka tu.

"Jescah?"

Wodi nzima ilikuwa inalia. Jeruto alikuja na leso, akamfuta uso. "Si nilikuambia? Inaliza sana hii."

"Hapo. Ukingoni. Kuna mtu ameketi?"

Jeruto akatazama. Akapapasa godoro, akalinyoosha.

"Hakuna mtu, dada."

Alipotoka hospitalini kwa mikongojo, Sellah alirudi kwenye vile vyumba viwili akaongea peke yake mwezi mzima. Alimimina vikombe viwili vya chai, na viwili vikapoa. Aliomba ishara. Agonge meza. Adondoshe kijiko. Hakuna kilichodondoka. Akaenda kwa Senge Mmbone, ambaye sasa alikuwa hatoki kitandani, akamwuliza: amekufa?

"Sijui," Senge akasema. "Tulimzika. Hakuna aliyemwua."

Desemba ilipofika, Sellah alipaka kuta chokaa kwa ajili ya Krismasi. Mwezi wa kwanza akaona doa kwenye ukuta wa chumba cha pili, mahali ambapo hakuna kiti. Lilikuwa la mviringo, la mafuta, kama linaloachwa na kichwa cha mtu anayeegemea ukuta kila siku. Lilikuwa usawa wa mtu aliyeketi kwenye kigoda. Akalipaka tena. Likarudi. Akaweka kigoda pale.

Miaka mingi imepita tangu hapo. Kila Desemba Sellah hupaka, na kila mwezi wa kwanza doa hurudi. Lakini halirudi palepale. Linashuka, upana wa kidole mwaka huu, vidole viwili mwaka mwingine, kama mtu anayezeeka na mgongo kupinda.

Safari yangu ya mwisho kwake nilikuta kigoda kimeondolewa. Doa lilikuwa limefika karibu na sakafu, usawa wa mtu aliyelala. Sellah alikuwa ametandika godoro pale chini, na blanketi, na kando yake bakuli la uji lililoshika utando. Hakunieleza. Alikwenda jikoni kunitengenezea chai.

Nilipiga magoti nikaweka kiganja ukutani. Chokaa yote ilikuwa baridi. Pale penye doa palikuwa na joto, joto la paji la mtu mwenye homa kali.